Bunduki tatu za vita alizotuachia baba mkwe: tuuze au tubaki nazo?

Mbondei_Ohio

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi mtu wa Muheza, huku Ohio huu mwaka wa 11. Baba mkwe wangu, Mmarekani wa Kentucky, alifariki Februari akiwa na miaka 79. Wosia wake mfupi: nyumba na trekta kwa shemeji yangu, na "kilichomo kwenye kabati la chini" kwa mke wangu. Tulipofungua kabati tukakuta bunduki tatu.

Moja ni M1 Garand ya jeshi la Marekani, nzito kama mchi. Ya pili ni Arisaka ya Kijapani, Aina ya 99, aliyokuja nayo baba wa marehemu kutoka vita vya Pasifiki. Juu yake pamechongwa ua. Ya tatu ni Lee-Enfield Namba 4, ya Kiingereza, ile 303. Hii marehemu aliiagiza kwa posta akiwa kijana, enzi bado inaruhusiwa, akaukata ubao wa mbele apate ya kuwindia.

Shemeji yuko Indiana. Kasema atatoa dola 600 kwa zote "awapunguzie mzigo". Mke wangu hasemi kitu.

Mimi ndiye niliyegawanyika. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, askari wa KAR wa Mwingereza, alifika Burma. Tulipokuwa wadogo alikuwa akichukua mkongojo wake anatuonyesha bolti ya 303 inavyovutwa: juu, nyuma, mbele, chini, shavu halibanduki kwenye kitako. Nilipoishika hii, mkono ulienda wenyewe. Lakini nina watoto wa miaka 6 na 9, na tangu nizaliwe sijamiliki silaha zaidi ya manati.

Nishaurini. Matusi wekeni akiba.

Chuma_Chakavu

Zilete Gerezani, kesho asubuhi tayari ni grili ya dirisha 😂

Mzaramo_Halisi

Usimsikilize huyo. Na usije ukaota kurudi nazo nyumbani kama zawadi ya ukoo. Kuingiza silaha Tanzania bila kibali ni jela, hakuna ofisa wa uwanja wa ndege atakayekaa kusikiliza habari za Burma.

FundiKitako

Mkuu, kabla ya kuuza au kutouza, weka chini kitambaa na msasa. Najua unataka kuzing'arisha. Nina miaka 15 karibu na vitu hivi huku Pennsylvania, na nimeona watu wakifuta nusu ya bei kwa kopo moja la vanishi. Kutu ya juujuu mpake mafuta kidogo, basi. Ule weusi wa ubao ndio mnunuzi anaoutafuta.

Sasa moja moja.

Garand: tazama maandishi nyuma kabisa ya chuma cha juu, karibu na kitako. Zilitengenezwa na Springfield Armory na Winchester wakati wa vita, halafu miaka ya 1950 wakaingia International Harvester na Harrington & Richardson. Ikiwa ya Winchester, usimwonyeshe shemeji tena. Hata ya kawaida iliyo nzima mara nyingi huvuka dola 1,000 siku hizi. Kwa hiyo hizo 600 za zote tatu ni dharau ya kifamilia.

Arisaka: hilo ua ni krisantemo, alama ya mfalme wa Japani. Nyingi zilizokabidhiwa baada ya kusalimu amri mwaka 1945 lilikwanguliwa. Likiwa zima, aghalabu bunduki ilichukuliwa vitani. Angalia pia kama kitako kimekatwa na kuungwa, maana askari wengi walikikata ili iingie kwenye begi. Na tafuta karatasi. Jeshi lilikuwa linampa askari hati ya kumruhusu kurudi na ngawira. Hati hiyo ikiwa na namba ya bunduki hiyo hiyo, usiitenganishe nayo hata kwa siku moja.

Ya 303 iliyokatwa ubao: pole. Sokoni haifiki hata nusu ya ile nzima. Upande wa kushoto pameandikwa nini?

Mbondei_Ohio

U.S. PROPERTY. Nikajua nimekosea, si ya Kiingereza.

FundiKitako

Hujakosea. Ni ya kiwanda cha Savage, Chicopee Falls, Massachusetts. Waingereza walikuwa wamebanwa, Wamarekani wakawatengenezea zaidi ya milioni moja na kuwapa kwa mkopo wa vita. Ndiyo maana chuma ni mali ya Marekani na umbo ni la Uingereza.

Njia_Panda_Texas

Ndugu, hawa wanakupa bei, mimi nakuuliza karatasi. Wewe huko uko kwa hadhi gani? Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, sheria ya shirikisho inamkataza kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa wachache kama wenye leseni ya kuwinda. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Watu wetu wengi hawalijui hili mpaka siku polisi wanapokuja kwa kelele za muziki.

Kuzitoa Kentucky kuja Ohio hakuna tatizo, urithi unaruhusiwa kuvuka mpaka wa jimbo. Ila kumuuzia shemeji wa Indiana si urithi tena. Hapo lazima zipitie kwa muuzaji mwenye leseni, shemeji ajaze Fomu 4473, ile ya mnunuzi wa silaha, aangaliwe rekodi yake. Kupokezana kwenye maegesho ya kanisa baada ya ibada ni kosa kwenu wote wawili.

Mbondei_Ohio

Nina grini kadi, mke ni raia. Ila umenishtua. Mpwa wangu yuko hapa kwa viza ya masomo, na tumeziweka chumba cha chini anacholala yeye. Kabati lina kufuli lakini ufunguo uko juu ya mlango.

Njia_Panda_Texas

Ondoa leo. Si kesho. Si lazima akutwe ameishika. Kuwa na ufunguo tu kunaweza kuhesabiwa kuwa anayo. Kesi ya namna hiyo ikimwangukia, shule imekwisha na ndege inamsubiri.

MamaPacha_Minneapolis

Kaka yangu, nimesoma uzi mzima. Babu yako nimemjua, shemeji nimemjua, hata mkongojo nimeuona. Mkeo, mwenye mali, kaandikiwa maneno manne: "mke wangu hasemi kitu". Umemuuliza, au umesubiri aseme?

Baba yake hajamaliza mwaka. Mimi alipofariki mama, kaka zangu waliuza cherehani yake wiki ya pili kwa sababu ilikuwa "imekaa tu". Mpaka leo nikisikia cherehani ya miguu ikilia natoka nje.

Na watoto wa miaka 6 na 9 hawahitaji ufunguo kuwa chini. Kiti kinatosha. Nunua sefu ya chuma, ifungwe kwa bolti ukutani, risasi zikae chumba kingine. Bei ya sefu uihesabu unapoamua kubaki nazo, si baadaye.

Chuma_Chakavu

Naunga mkono mama. Grili naifuta.

FundiKitako

Nyongeza ndogo. Msizipige kabla fundi wa bunduki hajakagua chemba na bolti, hasa hiyo ya Kijapani. Na Garand msiipe risasi nzito za kisasa za kuwindia, hupinda fimbo inayoendesha bolti.

Mkiamua kuuza, mwenye duka atatoa pungufu sana ya bei ya rafuni kwake, naye anataka kula. Mnada hukata kamisheni, lakini kwa Arisaka yenye hati ningekwenda huko. Vyovyote, pateni makadirio ya bei kwa maandishi, ya karibu na tarehe ya msiba. Mrithi akiuza, kodi ya faida inahesabiwa kuanzia thamani ya siku ya msiba, si bei aliyonunulia marehemu.

Mbondei_Ohio

Wakuu, mrejesho.

Jana usiku zimehamia kwa rafiki mwenye sefu, raia, na mpwa nimemweleza. Kaniambia alishazipiga picha na kumtumia mama yake Muheza. Tumezifuta.

Mke wangu nimemuuliza. Tulikaa chini kule kama saa mbili hivi. Garand haimgusi, baba yake aliinunua miaka ya 1980 kwenye mpango wa serikali wa kufundisha raia shabaha, akaipiga mara chache. Hiyo iuzwe. Arisaka ndiyo iliyomfanya anyamaze. Anasema utotoni walikatazwa hata kuuliza, na babu yake akiona wameikaribia alikuwa anatoka chumbani bila neno. Hajui kama anataka kuwa nayo au kuirudisha Japani au vipi. Hati tumeipata, imekunjwa ndani ya kopo la misumari, na namba ni yenyewe. Tumekubaliana haiguswi mwaka huu.

Ya 303 yeye ndiye aliyesema ibaki. Nilikuwa najiandaa kumwelezea habari za Keya, kumbe anazo zote, nilishamsimulia tukiwa wachumba. Ila kasema niache kuivuta bolti sebuleni.

MamaPacha_Minneapolis

Na shemeji?

Mbondei_Ohio

Nimemtumia ujumbe kwamba Garand anaweza kuinunua kwa bei ya makadirio, dukani, kwa fomu. Ameusoma tangu saa nne asubuhi.

FundiKitako

Ile fomu humaliza undugu. Ukipata muda tuwekee picha ya nyuma ya hiyo Garand, hujatuambia bado kiwanda gani.