Mtoto ametoka wodini na kisukari cha aina ya kwanza: wanga ukatwe au uachwe?

Mlishe: Wadau, tuliweke hili mezani. Mtoto wa miaka minane, kilo 25, amerudi nyumbani na insulini ya mchanganyiko 30/70 (asilimia 30 ya muda mfupi, 70 ya muda wa kati), anachomwa asubuhi na jioni. Hata wiki haijaisha, ugali, wali na uji vimepigwa marufuku. Anakula mayai, mchicha na parachichi. Wazazi wana ushahidi wao: utafiti uliotoka kwenye jarida la Pediatrics mwaka 2018. Watu 316, zaidi ya theluthi yao watoto, walikuwa wanakula wastani wa gramu 36 za wanga kwa siku, na HbA1c yao, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, ilikuwa wastani wa asilimia 5.67. Mwongozo wa 2022 wa ISPAD, chama cha kimataifa cha kisukari cha watoto na vijana, ambao ndio wataalamu wa kisukari cha watoto wanaufuata duniani, unataka wanga utoe asilimia 40 hadi 50 ya nishati. Kwa mtoto huyu anayehitaji kama kilokalori 1,800, hizo ni gramu 180 hadi 225. Msimamo wangu: aliye kwenye 30/70 asikatwe wanga. Nipingeni.

Mfamasia: Sikupingi, naongeza tu. Yuniti 10 za asubuhi ni 3 za muda mfupi na 7 za muda wa kati. Zile 3 zinasubiri chakula, na kwa uzito huo yuniti moja hubeba takribani gramu 20 hadi 30 za wanga. Mayai mawili na nusu parachichi havifikishi gramu 10 zinazopandisha sukari. Insulini isipokuta chakula, yuniti moja inaweza kuteremsha sukari ya damu kwa mmol 6 kwa lita. Halafu zile 7: akichomwa saa moja asubuhi, nguvu yake kubwa ni kati ya saa tano na saa kumi na moja jioni, wakati yuko darasani au uwanjani. Mama anaona sukari imeshuka, kesho yake anapunguza dozi iwe 5. Hapo ndipo balaa la pili linapoingia, maana huwezi kupunguza ile 30 ukaiacha 70, zinapungua zote. Insulini ya msingi, yaani ile 70, isipotosha, ini linamwaga sukari na ketoni, asidi zinazotokana na mafuta ya mwili, zinapanda.

Wanga Kidogo: Mfamasia, mkuu, hapo umekishitaki kichupa, mlo hujaugusa. Anayeijua njia hii haiweki juu ya 30/70. Vichupa viwe viwili: ya muda mfupi dakika 30 kabla ya kila mlo, na ya msingi peke yake. Protini nayo ihesabiwe, kwani hupandisha sukari polepole, saa tatu hadi tano baada ya kula. Wengi huchukua nusu ya gramu zake kana kwamba ni wanga. Hoja ni ile ya Dkt. Richard Bernstein wa Marekani, mhandisi mwenye kisukari aliyeamua kusomea udaktari ukubwani: hesabu ikiwa ndogo, hata kosa ni dogo. Kosea asilimia 20 kwenye sahani ya gramu 80, umepotea gramu 16. Kwenye gramu 12, umepotea mbili na ushee. Nani hapa anakadiria tonge la ugali kwa jicho?

Mlishe: Hakuna, na hakuna haja. Pima sufuria tupu na mwiko wake, andika. Pima unga: gramu 400 zina wanga kama 300. Songa, pima yote tena, toa uzito wa vyombo. Ugali ukitoka gramu 1,200, kila gramu 100 zina wanga 25. Ukisonga mgumu ukatoka 1,000, zina 30. Ndiyo maana siyapendi yale majedwali yanayosambazwa. Ugali wa jirani si wako. Na huo utafiti wenu, waliojibu ni wanachama wa kundi moja la Facebook linalofuata mlo huohuo. Waliojaribu wakaacha, nani aliwauliza?

Daktari wa Watoto: Mwaka huohuo wa 2018 madaktari wa Australia walieleza watoto sita waliowekwa kwenye wanga kidogo, na miongoni mwa matatizo waliyoyaona ni kukua kwa shida. Sita ni wachache, sikatai. Ila kwa aliyegundulika juzi nina hofu nyingine. Wiki chache baada ya kuanza sindano, kongosho hupata nafuu ya muda na dozi hushuka, pengine chini ya nusu yuniti kwa kilo. Kata wanga wakati huohuo, sukari inanyooka kabisa, na familia inaamini amepona. Insulini inaachwa, na mtoto anarudi akiwa anahema kwa kasi, ketoni zimemjaa. Jambo jingine: sindano ya glukagoni, ile ya dharura sukari ikishuka sana, hufungua akiba ya sukari iliyo kwenye ini. Kwa anayekula wanga kidogo sana, akiba hiyo ni haba.

Wanga Kidogo: Nakubali kuhusu insulini: haiachwi hata siku moja. Kimo na uzito vipimwe kila miezi mitatu, mstari ukilala wanga uongezwe. Lakini daktari, mbona mnaruka kutoka 36 hadi 200 kana kwamba katikati hakuna kitu? Gramu 120, kwa vichupa viwili, mnazikataa kwa lipi?

Sista Kliniki: Kwa stripu za kupimia sukari, ndugu yangu. Njia yako inataka kipimo kabla ya kila mlo, saa mbili baadaye, kabla ya kulala na saa nane usiku. Hivyo ni vinane kwa siku, na familia nyingi zina viwili. Mwenye viwili ale kwa saa zilezile, kiasi kilekile cha wanga, na kitafunwa cha saa nne asikiruke. Sukari ya damu ikiwa chini ya mmol 3.9, apewe gramu 0.3 za sukari kwa kila kilo ya uzito: kwa huyu wa kilo 25 ni vijiko viwili vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, kwenye maji. Chokoleti hapana, mafuta yake yanachelewesha. Apimwe tena baada ya dakika 15. Na huyo wa gramu 120 akitapika, ketoni zikiwa 1.5 au zaidi, aende hospitali hata kama sukari inasoma 8.