Mwandishi wa riwaya huandika saa ngapi?

Mwalimu wa Kihonda (swali):

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro, na huu ni mwaka wa tatu naandika riwaya ambayo imefika sura ya tisa na kugoma hapo hapo. Huamka saa kumi alfajiri, nikachemsha chai ya mchaichai, nikafungua kauntabuku na kuandika mpaka saa kumi na mbili, wakati wa kukimbilia daladala. Siku njema hupata kurasa mbili. Siku mbaya birika humalizika na ukurasa ukabaki na tarehe peke yake. Mwenzangu mmoja wa ofisi ya walimu ananiambia kwamba riwaya ya maana haiwezi kuandikwa na mtu anayesahihisha madaftari mia na ishirini kwa wiki, kwa sababu kazi hiyo inataka utulivu na mtu aliyejitenga. Ningependa kujua kutoka kwa wanaofahamu: waandishi wetu wakubwa waliishi vipi? Waliandika wakati gani, walichota wapi, na katika siku zao za kawaida walipenda nini?

Mzee wa Ngamiani:

Mwalimu, mwambie mwenzako amtazame Shaaban Robert kabla ya kutoa hukumu. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, hapa Tanga, na mwaka 1926 akaajiriwa kuwa karani wa forodha, kazi aliyoifanya mpaka mwaka 1944. Baada ya hapo akaendelea katika idara nyingine za serikali ya kikoloni, na karibu maisha yake yote ya utu uzima, mpaka alipokaribia kufariki mwaka 1962, alikuwa mtu wa kuripoti ofisini asubuhi. Mashairi, insha, tenzi na hadithi zake zote zilipatikana pembeni mwa meza ya mtu mwingine.

Nami nathubutu kusema kwamba meza hiyo haikumpotezea muda tu. Chukua Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951. Kitabu kizima ni kesi: Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, Waziri Majivuno anasoma mashtaka, na utetezi unapangwa siku baada ya siku kwa habari za wajumbe waliotumwa pande zote wakarudi na mambo mema, nao wakalipwa kifungo. Huo ni mpangilio wa mtu anayeyajua majalada. Karani aliyenakili barua za wakubwa kwa miaka mingi ndiye anayefahamu jinsi dhuluma inavyoandikwa kwa lugha ya adabu, kwa nambari na tarehe, bila neno moja la ukali.

Kuhusu alikochota, usiende mbali na nyumbani kwake. Mkewe Amina alipofariki, alimtungia shairi ambalo wengi wetu tulilikariri shuleni kabla hatujajua msiba ni nini. Binti yake alimtungia utenzi wa mawaidha, na mwanawe wa kiume vile vile. Alimpenda pia Siti binti Saad kiasi cha kumwandikia wasifu, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida kwa mwimbaji, tena mwanamke aliyetoka shamba na kuingia mjini akiuza vyungu.

Bint Malindi:

Shikamoo Mzee. Mimi naongeza habari ya mtu wa kwetu Unguja, Abdulrazak Gurnah, ingawa yeye ameandika kwa Kiingereza na najua wapo watakaoninunia kwa sababu hiyo. Aliondoka Zanzibar akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi, na huko Uingereza alifanya kazi ya utumishi hospitalini kabla ya kusomea shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kent, aliyoimaliza mwaka 1982. Alianza kuandika akiwa na miaka ishirini na kitu, kwa sababu ya upweke na kukumbuka nyumbani, lakini riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, akiwa anakaribia miaka arubaini. Hapo hesabu mwenyewe, Mwalimu, kisha uniambie kama miaka yako mitatu ni mingi. Alisomesha Kent mpaka alipostaafu mwaka 2017, na vitabu vikawa vinatoka katikati ya mihadhara na mitihani ya wanafunzi.

Katika hotuba yake ya Nobel ya Desemba 2021 alieleza kwamba kuandika kulimfurahisha tangu akiwa mtoto shuleni, kwa kuwa kipindi cha kutunga hadithi kilikuwa kizuri kuliko vyote. Uandishi wa ukubwani ulikuwa kitu kingine, maana ulitoka kwenye huzuni na kwenye hofu kwamba historia ya watu wake ilikuwa inaandikwa upya na wenye nguvu, ikipunguzwa na kurahisishwa. Chemchemi zake za mwanzo zinatajwa kuwa ni sura za Qur'ani, mashairi ya Kiarabu na Kiajemi, na hadithi za Alfu Lela U Lela. Mtoto yeyote aliyepitia chuo cha Qur'ani kwetu anazijua ladha hizo bila kufundishwa.

Na kwa kuwa umeuliza maisha ya kila siku: simu ya kumpa habari ya tuzo ilimkuta jikoni, na mwanzo alidhani ni mtu anamfanyia mzaha. Mimi habari hiyo inanipendeza kuliko tuzo yenyewe.

Mwalimu wa Kihonda:

Ahsanteni sana. Nimefarijika, hasa na hesabu ya dada yangu. Niliwahi kusikia pia kwamba Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alikuwa hawezi kuandika bila kiko mdomoni. Je, ni kweli?

Mhariri Mstaafu:

Ndugu Mwalimu, kiko ni cha Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya zake. Wasomaji wengi huchanganya mapenzi ya mhusika na ya mwandishi, na sitashangaa nikisikia siku moja kwamba wewe mwenyewe ni mlevi kwa kuwa umeandika vizuri habari za kilabu cha pombe.

Lililo la hakika ni kwamba mtu huyo wa Makunduchi alianza maisha ya kazi katika idara ya afya, akikagua usafi, ndipo akaingia katika uhariri wa magazeti. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ukachapishwa mwaka 1960, yeye akiwa amevuka miaka arubaini na bado mwajiriwa. Huwa najiuliza kama mpelelezi wake hakuzaliwa katika ile kazi ya kwanza, kwani mkaguzi wa afya hubisha hodi, huingia uani kwa mtu, huangalia kisima na jiko, naye huona yale ambayo mwenye nyumba hakukusudia kuyaonyesha. Hayo ni makisio yangu tu.

Sasa nikuulize kuhusu sura yako ya tisa. Mhusika wako mkuu anafanya kazi gani? Nimesoma miswada mingi iliyokwama mahali hapo hapo, na mara nyingi nilikuta mhusika anapenda, analia, anasafiri, lakini hakuna anayejua unga wa nyumbani kwake unanunuliwa kwa fedha gani.

Mwalimu wa Kihonda:

Umenikamata, Mhariri. Nimerudi kusoma kauntabuku zote mbili na sikukuta mahali ambapo Rajabu wangu anafanya kazi yoyote. Tangu Jumatatu nimemfanya karani wa mizani katika ghala la mahindi, na leo alfajiri mnunuzi amemletea magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kiasi, akamtaka aandike kilo mia moja kila gunia, huku mjomba wake Rajabu akiwa katika foleni ya wakulima na anamtazama. Zimetoka kurasa nne. Chai nimeikumbuka nikiwa tayari ndani ya daladala.