Kupima sonona (depression) vyuoni kwa mahema na tisheti: tuendelee au tuache?

Mleta mada

Wakuu, kwema? Niko kwenye serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja hapa Dar, jina nalihifadhi. Uongozi unataka wiki moja kabla ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, tuweke mahema uwanjani, tupime afya ya akili ya wanafunzi 300 kwa siku moja. Mimi napinga.

Mwaka jana tulifanya. Meza ya presha, meza ya sukari, na ya mwisho ndiyo hiyo ya akili. Tulitumia dodoso la sonona liitwalo PHQ-9: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, ukifikisha 10 unaambiwa ukamwone mtaalamu. Spika zinapiga muziki, foleni imebanana, na kijana wetu wa kujitolea anamsomea mtu maswali kwa sauti. Dada mmoja akafika swali la tisa, lile la kuwaza kufa au kujidhuru. Akajibu: karibu kila siku. Kijana akaduwaa. Akampa maji na tisheti, akamwambia Jumatatu aende kwa mnasihi. Mnasihi tunaye mmoja, na mlango wake unatazamana na ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Ukiingia, umeonekana. Yule dada hakwenda.

Sasa njooni kwenye hesabu. Utafiti wa 2001 uliolipima dodoso hili ulikuta kwamba, kwa alama 10 na kuendelea, linanasa wagonjwa 88 kati ya 100 na kuwaachia wazima 88 kati ya 100. Tuseme kati ya hao 300 wetu, 30 wana sonona kweli. Utanasa kama 26. Lakini kwenye wale 270 wazima, 32 nao watanaswa. Jumla 58, na zaidi ya nusu hawaumwi. Mnasihi akiona wanne kwa siku, ni wiki tatu nzima. UE itakuwa imeshapita, na wengine wameshadisco, yaani wamefeli na kuondolewa chuoni.

Mdau wa Mabibo

Tena wiki moja kabla ya UE! Dodoso linauliza usingizi, hamu ya kula, umakini. Nani analala wiki hiyo? Na boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, hamu ya kula ipo tele, chakula ndicho hakipo. Hosteli nzima itafikisha 10.

Mkongwe

Sisi tulibebana wawili kitanda cha futi mbili na nusu, sapu (mitihani ya marudio) tulifanya, na hakuna aliyetupima kichwa. Mnadekezwa.

Mdau wa Mabibo

Mzee, na wale waliorudishwa kijijini ikasemwa wamerogwa, hukuwaona?

Nesi wa Temeke

Mleta mada, shikamoo ya hesabu nimeipokea, ila umekosea cha kulaumu. Ukisubiri wanasihi watoshe, utazeekea hapo. Lililowaangusha ni namna mlivyoendesha. Mtu anasomewa swali la kujiua mbele ya foleni? Mpe karatasi na kalamu, akae peke yake, ajaze mwenyewe. Na yeyote atakayejibu swali la tisa chochote zaidi ya sifuri, hata kama jumla yake ni 4, haondoki kabla ya kuongea faragha na mtaalamu siku hiyohiyo. Akihitaji hospitali, asindikizwe na mtu hadi mlangoni. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, si lazima kufikiria Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, kila mara. Alama 10 si ugonjwa, ni sababu ya kukaa na mtu na kumuuliza vizuri.

Mwanasheria mchanga

Mnasahau jambo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Kuwaza si kujaribu, sawa, lakini mwanafunzi aliyewahi kujaribu atakujibu ukweli akiwa na jina lake juu ya karatasi? Ghana walikifuta chao 2023. Hapa kwetu, nani atawaambia hayo mahemani?

Mleta mada

Nesi, umenisogeza, ila si mpaka huko unakotaka. Mwaka 2002 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo lilikubali watu wazima wapimwe sonona, kwa sharti kwamba kuna mfumo wa kuthibitisha ugonjwa, kutibu na kufuatilia. Sisi tuna spika. Kesho nitapeleka pendekezo: mahema yafutwe, tupime wanafunzi 15 kila wiki kuanzia mwanzo wa muhula, kwenye chumba cha zahanati, mahali ambapo mtu anaweza kuwa ameingia kwa malaria tu. Najua wafadhili hawatapata picha. Uongozi utanuna.

Mwanasheria, swali lako la jina limenikosesha raha. Karatasi za mwaka jana, majina na namba za usajili juu yake, hakuna aliyeziulizia. Ziko kwenye boksi chini ya kitanda changu. Nizichome, au nianze na ile ya yule dada?