Kura za Denver: wagombea nawajua, haya maswali ndiyo yaniumiza kichwa

salim_wa_mvita · 17 Oktoba 2024

Asalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Nimepata uraia wa Marekani mwaka huu, na juzi bahasha ya kura imefika nyumbani. Nilidhani kazi yenyewe ni ya dakika tano: rais, mbunge, natia sahihi, nimemaliza. Kumbe! Chai imepoa mezani na bado niko kwenye maswali ya kupigia YES au NO. Nikimaliza moja, jengine hili hapa.

Kwetu Kenya nilipiga kura 2013. Karatasi sita, kuanzia rais mpaka mwakilishi wa wadi, wala sikubabaika. Kila karatasi ina rangi yake, ina picha ya mtu na alama ya chama. Hata kura za maoni za katiba tulirahisishiwa: 2005 ndizi na chungwa, 2010 kijani na nyekundu. Nyanya yangu hakujua kusoma lakini alijua aweke alama wapi. Hapa hakuna ndizi wala chungwa. Ni aya tupu, nyengine zimeandikwa kwa herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho kana kwamba mtu anakupigia kelele.

Sasa lililonifanya niandike. Kwenye grupu letu la WhatsApp unazunguka ujumbe wa sauti. Bwana mmoja, sauti nzuri kweli, anasema Waislamu wa Denver tupige YES kwenye swali la 309 ili machinjio ya halali yasifungwe. Nimesoma hiyo 309 mara mbili na naona kama maneno yaenda kinyume na anavyosema. Au Kiingereza changu ndicho kibovu?

Nyinyi mliotangulia mnasoma wapi haya mambo kwa lugha ya mtu wa kawaida? Mimi naendesha gari usiku, sina muda wa kukaa na mawakili.

---

mama_wa_tanga · 17 Oktoba 2024

Waalaykum salaam mwanangu, na hongera kwa uraia.

Kiingereza chako hakina ubaya wowote. Huyo bwana wa sauti nzuri ndiye aliyegeuza. Swali la 309 linauliza hivi: je, wapiga kura wa Denver wapitishe sheria ya kupiga marufuku machinjio ndani ya jiji kuanzia tarehe 1 Januari 2026? Kwa hiyo YES ni kufunga, NO ni kuacha yaendelee. Anayetaka machinjio yabaki akipiga YES atakuwa ameyafunga kwa mkono wake mwenyewe. Mrudishie ujumbe huo kwenye grupu leo leo, na kwa adabu, maana huenda naye kautoa kwa mwingine.

Machinjio yanayoguswa ni yale ya kondoo ya Superior Farms kule Globeville. Yana wafanyakazi wapatao 160, nao wenyewe wana hisa kwenye kampuni, na huchinja kwa njia ya halali, ndiyo maana misikiti imeingia kwenye mjadala. Wanaotaka yafungwe wana hoja zao pia: mateso ya wanyama, na mtaa ule ambao umebebeshwa viwanda kwa miaka mingi. Mimi nitapiga NO, nasema wazi, lakini sikuandika ili nikupigie kampeni.

Kanuni ninayowaambia kina mama tunaofanya nao kazi kwenye nyumba ya wazee ni hii: kabla hujauliza kama jambo ni zuri au baya, jiulize YES inabadilisha nini. NO karibu kila mara maana yake ni vitu vibaki kama vilivyo. Mwaka huu tuna mfano mwingine huo huo, 127 ya jimbo la Colorado, kuhusu kuwinda wale paka wakubwa wa milimani. Mtu anayewapenda wanyama, akili yake inakimbilia NO, "hapana, wasiwindwe." Lakini YES ndiyo inayozuia uwindaji. Pale watu wanateleza kila siku.

Kusoma wapi? Tafuta kwenye sanduku lako la posta kile kitabu chenye jalada la bluu, wenyewe wanakiita Blue Book. Kama umekitupa pamoja na matangazo ya pizza hutakuwa wa kwanza. Kiko pia kwenye intaneti, kwa Kiingereza na Kihispania. Kinatungwa na watafiti wa bunge la jimbo, na kwa kila swali kinaeleza sheria ya sasa inasemaje, ikipita itabadilika nini, hoja za wanaounga mkono, hoja za wanaopinga, na itagharimu kiasi gani. Mwaka huu maswali ya jimbo ni 14. Usisome yote usiku mmoja, utachukia siasa. Mimi nasoma mawili matatu wakati wa mapumziko kazini, na kalamu mkononi.

Angalia kichwa cha swali. Likiwa na herufi, kama G au JJ, limeletwa na bunge. Likiwa na namba, kama 79 au 131, ni wananchi waliokusanya sahihi. Palipoandikwa Amendment panaguswa katiba ya jimbo, na tangu sheria ya 2016 lazima ipate asilimia 55, isipokuwa kama inafuta tu kilichomo. Proposition inatosha kuzidi nusu.

Hizo herufi kubwa zinazokupigia kelele nazo zina asili yake. Mwaka 1992 watu wa Colorado waliweka kwenye katiba kwamba serikali haiongezi kodi wala haichukui deni bila kuwauliza wapiga kura, na kwamba swali lianze na kiasi chenyewe cha fedha. Kwa hiyo ukiona kelele, jua mfuko wako unazungumziwa. Na ndiyo maana karatasi yetu ni ndefu.

Blue Book haigusi mambo ya jiji. Ya kodi na madeni ya hapa Denver yanakuja kwenye kijitabu kingine, chenye maoni ya pande zote mbili yaliyopelekwa na wananchi wenyewe. Kwa yaliyobaki, 309 ikiwemo, mimi husoma miongozo ya redio ya umma, CPR, na ya Denverite, gazeti la mtandaoni. Wanaeleza kwa Kiingereza cha kawaida, huhitaji kamusi.

Na zile kadi za rangi zinazojaa kwenye sanduku, zenye picha ya familia inacheka: usisome mbele, geuza nyuma usome maandishi madogo, nani kalipia. Ukitaka kwenda mbali zaidi, tovuti ya Katibu wa Jimbo inayoitwa TRACER inaonyesha michango ya kampeni. Kwa mfano 131, ya kubadilisha namna ya kuchagua wagombea, sehemu kubwa ya nguvu yake inatoka kwa Kent Thiry, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya DaVita. Hilo haliifanyi kuwa mbaya wala nzuri, lakini mimi napenda kujua nani kaniandalia pilau kabla sijala.

---

juma_k · 18 Oktoba 2024

Mama umeandika kitabu 😅 Mimi kwetu Mwanza nimezoea rais, mbunge, diwani, basi. Hapa napiga rais na wale wa juu, maswali yote naacha wazi. Na kura yangu inahesabiwa vizuri tu.

---

mama_wa_tanga · 18 Oktoba 2024

Inahesabiwa, Juma, hiyo ni kweli, na Salim alijue pia: hulazimiki kujibu kila kitu. Usilolielewa liache, halitaharibu mengine.

Ila wewe una duka. Kwenye hiyo karatasi unayoiacha wazi kuna 2Q, ya kuongeza kodi ya mauzo asilimia 0.34 kwa ajili ya hospitali ya Denver Health, na 2R, ya kuongeza nusu asilimia kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Leo mteja wako analipa 8.81. Zikipita zote mbili atalipa 9.65. Rais hatakuja dukani kwako kubadilisha mashine ya risiti, utabadilisha wewe.

Kuna pia 2T, inayoondoa sharti la kuwa raia ili kuajiriwa polisi na zimamoto wa Denver. Kijana wako mkubwa si alikuwa anataka zimamoto?

---

juma_k · 18 Oktoba 2024

Hiyo 2T sikuiona kabisa. Ngoja niitoe kwenye droo.

---

uvira_aurora · 19 Oktoba 2024

Jambo bandugu. Miye niko Aurora na karatasi yangu haina 309, haina 2Q, haina 2T. Nilifikiri wameniibia, nikataka kwenda kulalamika. Mutoto wangu akaniambia hapana papa, hayo ni ya Denver, sisi tuko mji mwingine, kaunti nyingine. Karatasi inafuata mahali unalala. Njo maana musikopi majibu ya rafiki yenu kwa WhatsApp, anaweza kuwa ngʼambo ya barabara tu na maswali yake ni tofauti.

Nina swali na miye. Muke wangu hasomi Kiingereza. Serikali haina karatasi ya Kiswahili? Na mutoto anaweza kumusaidia?

---

mama_wa_tanga · 19 Oktoba 2024

Kaka yangu, ya Kiswahili haipo, na kwa sheria ya taifa hata tungekuwa laki moja isingelazimika kuwepo. Kifungu kinacholazimisha karatasi za lugha nyingine kilitaja Kihispania, lugha za Waasia, za Wahindi Wekundu na za wenyeji wa Alaska. Afrika haimo. Hilo linaniudhi kila mwaka wa uchaguzi, basi tu.

Lakini msaada anaruhusiwa. Asiyeweza kusoma karatasi anaweza kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe: mtoto, jirani, dada wa kanisani. Wasioruhusiwa ni mwajiri wake au mtu wa mwajiri, na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Mtoto asome swali lote, amwambie YES inafanya nini na NO inafanya nini, kisha mama achague mwenyewe. Nimeona watoto wanajaza wanavyotaka wao na mama anatia sahihi tu. Hapo aliyepiga kura ni mtoto.

Ukijitolea kubeba bahasha za majirani kwenda kuzitia sandukuni, mwisho ni kumi. Zaidi ya kumi ni kosa.

---

salim_wa_mvita · 22 Oktoba 2024

Mama, Mungu akuweke. Ule ujumbe wa sauti nimeurudisha kwenye grupu na maneno ya 309 nimeyapiga picha nikayabandika chini yake. Bwana mwenyewe kakasirika kidogo, halafu kaufuta.

Nimebaki na mambo mawili. Mke wangu bado yuko kwenye ukaazi wa kudumu, si raia. Rafiki yangu asema yeye pia aweza kujiandikisha, eti kuna watu kama yeye waliwahi kuletewa barua ya serikali kuwahimiza. Pili, sahihi yangu. Ya kwenye leseni niliifanya haraka haraka kwenye kile kioo chao, haifanani na ninayoandika kwa kalamu. Wasije wakaitupa kura yangu.

---

mama_wa_tanga · 22 Oktoba 2024

La mke wako kwanza, maana ndilo zito. ASIJIANDIKISHE. Ni kweli 2022 ofisi ya Katibu wa Jimbo ilipeleka kadi kimakosa kwa watu wapatao 30,000 wasio raia, wenyewe walikiri. Kadi hiyo haikumpa mtu haki yoyote. Asiye raia akipiga kura ya rais anaweza kufungiwa njia ya uraia na hata kurudishwa kwao, na hawatajali nani alimshauri. Huyo rafiki yako mpende lakini usimsikilize. Akienda ofisi ya leseni au ya msaada wa serikali pia, karani akiuliza kama anataka kujiandikisha kupiga kura, ajibu hapana.

Sahihi: wanailinganisha na zile walizonazo kwenye kumbukumbu, na ya leseni imo. Isipofanana hawaitupi kimya kimya, wanakuandikia, na una siku nane baada ya uchaguzi kurekebisha, hata kwa simu. Jiandikishe kwenye BallotTrax, utapata ujumbe kura ikipokelewa na ikikubaliwa. Tia sahihi nje ya bahasha pale palipoonyeshwa, usitie ya mke wako wala ya kaka yako hata kama mnakaa nyumba moja. Na kwa kuwa ni mara yako ya kwanza, soma maelekezo: kama wanataka nakala ya kitambulisho, iweke humo humo.

Baada ya tarehe 28 usitumie posta tena. Muhuri wa posta hausaidii hapa, karatasi yenyewe lazima iwe mikononi mwao kabla ya saa moja jioni, tarehe 5 Novemba. Wewe uko barabarani usiku, pitia ofisi ya uchaguzi pale West 14th na Bannock, sanduku liko nje masaa 24 na unatumbukiza ukiwa ndani ya gari.

---

juma_k · 24 Oktoba 2024

Nimejaza maswali saba, yale ya majaji kama wabaki kazini nimeyaacha. Wale majaji mnawajuaje?

---

mama_wa_tanga · 24 Oktoba 2024

Mwisho wa Blue Book, Juma. Kuna tume inayowapima majaji, imeandika kila mmoja kafikia kiwango au hajafikia, na kwa nini. Nina ya mwaka huu na nimeshaisoma, nitampa Salim akuletee dukani Ijumaa.