RUDISHA FREMU! Hiyo ndiyo shukrani ya msimu wa Valentine?

Section58: Wadau, huyu mkubwa wa shamba la maua kila mtu Naivasha anamjua, sina haja ya kumtaja. Leo ameita pakihausi nzima, yaani banda la kupakia maua, kutoa vyeti vya mfanyakazi bora. Fremu ilikuwa MOJA. Mtu anaitwa, anashikishwa cheti ndani ya fremu, anapigwa picha, halafu anaambiwa: rudisha fremu. Cheti kinachomolewa, kinaingizwa cha mwenzake. Fremu moja imezunguka mikono ya watu kuliko noti ya hamsini! Watu wamegredi waridi hadi usiku wa manane, miiba iliyobaki vidoleni inatosha kuzungushia boma la ng'ombe, kisha mbele ya wenzao wanaambiwa rudisha fremu! Na overtaimu kwenye payslipu ni jumla moja tu. Saa za ziada za siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, za siku ya mapumziko na sikukuu mara mbili, na Sheria ya Ajira ya 2007 inataka payslipu yenye mchanganuo wa mshahara na makato. Mchanganuo wa overtaimu uko wapi? Ati rudisha fremu!

Kondele_Original: Povu lote hili ni la mbao nne na kioo? Pita kwa fundi yeyote Nakuru tauni akukatie yako, ulale.

Section58: Si bei ya mbao, bana. Ni ile "rudisha".

DadaWaPeroli: Kuna njia ya kuwapa zawadi bila kodi pia, hapo ndipo pabaya. Tangu mwisho wa Desemba 2024, manufaa yasiyo pesa taslimu hayatozwi kodi jumla yake isipozidi shilingi 5,000 kwa mwezi. Zamani ilikuwa 3,000. Unga, mafuta na sukari vingeingia humo bila KRA, mamlaka ya kodi, kugusa hata senti. Bonasi ya pesa taslimu ndiyo hukatwa PAYE, kodi ya mshahara, pamoja na mshahara, kwa hivyo mfanyakazi aonyeshwe mapema atakachobaki nacho mkononi, asije akahesabu kamili akapata pungufu. Na cheti bila sababu ni karatasi tu. Andika: "bunda zake za waridi hazikurudishwa na mkaguzi wiki nzima." Supavaiza amwambie siku hiyo hiyo, pale mezani. Akingoja sherehe ya mwaka, mtu ameshasahau alichofanya.

Mkato60: Hata bonasi ya kulipa kwa kila bunda wengi huiharibu. Ukilipa kwa wingi peke yake, shina za sentimita 50 zinafichwa katikati ya bunda la sentimita 60, na vichwa vilivyovunjika vinafungwa ndani ya karatasi. Mzigo unakataliwa sokoni, lawama inashukia pakihausi. Lipa bunda zilizopita ukaguzi tu, andika hesabu ubaoni kila jioni, na pesa iingie mwezi huo huo. Halafu usipandishe lengo kila watu wakilifikia! Wakiona leo wamefika na kesho limesogezwa, kesho kutwa hakuna atakayelifikia tena, na mkubwa atasema watu ni wavivu.

Section58: Huyu wa fremu lengo amelisogeza mara ngapi!

Chai_Kericho: Heri nyinyi mnahesabiwa bunda. Huku mchumaji analipwa kwa kilo, na kila gunia linakatwa kilo nzima, ati ni uzito wa gunia na umande. Gunia tupu haliwezi kufika kilo!

MwalimuBOM_Kakamega: Nyote tulieni. Mtihani wa KCSE ukitoka vizuri, mwalimu wa BOM, aliyeajiriwa na bodi ya shule, anapewa leso na makofi, na mshahara wa Novemba bado hajaonja.

Kondele_Original: Leso angalau hairudishwi 😂😂

Chai_Kericho: Tuko kwa mizani jamani. Umande unakatwa hata saa nane mchana jua likiwaka!

DadaWaPeroli: Chai, taka gunia lipimwe likiwa tupu mbele ya mchumaji, na likatwe uzito huo huo. Mizani ining'inie huru, mshale uwe kwenye sifuri kabla gunia halijapandishwa, mkono wa karani usiguse. Tafuta pia muhuri wa mkaguzi wa vipimo, hupigwa kila mwaka.

Chai_Kericho: Muhuri umefutika, namba haisomeki.

Mkato60: Basi piga ripoti kwa ofisi ya vipimo ya kaunti. Wape jina la kituo na siku za kupima, waje chai ikiwa inapimwa.

MwalimuBOM_Kakamega: Na mshahara wa Novemba unaripotiwa ofisi gani?