Kompyuta mpya ya gemu: 16GB zinatosha au nijikaze nifike 32GB?

KijanaWaMabibo

Wakuu, heshima kwenu. Najichanga kujenga kompyuta ya gemu na nimekwama kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo programu hufanyia kazi. Bajeti ni milioni moja na laki nane, kioo cha 1080p ninacho tayari. Mpaka sasa nimepanga prosesa ya Ryzen 5 5600, bodi ya B550 yenye sloti nne za RAM, SSD ya 1TB, na kadi ya grafiki RX 6600 ya mtumba.

Nimepita Kariakoo maduka mawili. La kwanza jamaa kanikazania niweke 64GB "usije ukalia mbele ya safari". La pili wakasema 8GB zinatosha kabisa, pesa inayobaki nichukulie keisi yenye mataa. Nimetoka pale kichwa kinauma kuliko nilivyoingia.

Nacheza EA FC, GTA V, na Euro Truck niliyoijaza mabasi yetu ya mikoani. Nataka pia kuanza Cyberpunk 2077. Kutoka 16 kwenda 32 ni karibu pesa yote niliyotenga kwa pawasaplai. Naombeni mwongozo.

FundiMirongo

Mkuu, hao wawili kila mmoja anakuuzia kilichomjalia stoo. Tuanze na gemu zako.

EA FC 25 wenyewe wanataka 8GB kima cha chini, na wanapendekeza 12. GTA V ya kompyuta ilipotoka 2015 ilipendekeza 8, ile iliyoboreshwa ya 2025 inapendekeza 16. Cyberpunk tangu toleo la 2.0 la 2023 ni 12 kima cha chini, 16 inayopendekezwa. Kwenye orodha yako hakuna inayodai 32. Wanaodai hivyo wapo, mfano Flight Simulator 2024: chini 16, inayopendekezwa 32, na ukitaka raha kamili 64. Hiyo hujaitaja, kwa hiyo yule wa 64 tumwache na mzigo wake.

Wa 8 naye hapana. Windows 11, kivinjari chenye tabo kadhaa na Discord vikishajitandaza, gemu inakuta makombo. RAM ikijaa, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski hata iwe SSD haikaribii kasi ya RAM. Ndipo unapiga kona GTA, picha inaganda nusu sekunde, ukirudi uko mtaroni. Watu wengi hapo hulaumu kadi ya grafiki, wanauza kadi nzima nzima wananunua nyingine, na tatizo linabaki palepale.

Ila RAM ikishatosha, ya ziada haikuongezei hata fremu moja. Daladala yenye viti vitupu haifiki Mbagala mapema zaidi.

Sasa hili ndilo naomba ulishike kuliko namba yenyewe: nunua mbili zinazofanana, zilizouzwa kama pea. 8 mbili, siyo 16 moja. Zikiwa mbili, prosesa inasoma chaneli mbili kwa wakati mmoja, na Ryzen inaisikia tofauti hiyo. Zichomeke sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, hapo ndipo bodi nyingi zinapotaka (kitabu cha bodi kitakuonyesha). Ukimaliza ingia BIOS (mipangilio ya bodi kabla Windows haijawaka) uwashe XMP, inayoiruhusu RAM ikimbie kasi ya kwenye stika, bodi nyingine wanaiita DOCP. Hapa kwangu Mwanza zinaletwa kompyuta RAM ina stika ya 3200 lakini inakimbia 2400 tangu itoke dukani, hakuna aliyewahi kuigusa hiyo sehemu. Mteja amelipia kasi, kasi imelala.

BaharaWaLikoni

Salamu kutoka Mombasa. Fundi namheshimu ila hapa napinga kidogo. Kaka, chukua 32 sasa hivi. Bei ya RAM imepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vinakimbilia kutengenezea seva za akili mnemba maana huko ndiko kwenye faida. Micron walitangaza Disemba 2025 kwamba wanaachana na Crucial, ile chapa yao ya kuuzia watu wa kawaida. Ukisema "nitaongeza baadaye", hiyo baadaye itakuja na bei yake. Tena kuchanganya pea mbili zilizonunuliwa nyakati tofauti ni bahati nasibu, wakati mwingine zinagoma kukimbia kasi iliyoandikwa.

Sele_Ubungo

Kwa nini asiende AM5, soketi mpya ya prosesa za Ryzen, moja kwa moja? AM4 ya hiyo 5600 ishazeeka.

FundiMirongo

@Sele_Ubungo AM5 haipokei DDR4, kizazi cha RAM cha bodi yake hiyo, ni DDR5 tu, na kwa bei za sasa bajeti ya milioni moja na laki nane inaishia kwenye bodi na RAM. Atacheza na nini?

@BaharaWaLikoni kuhusu bei sikupingi hata kidogo, na la kuchanganya pea umesema kweli. Lakini kitu kikiwa ghali ndiyo sababu ya kupima kwanza. Mleta mada, una kompyuta unayotumia sasa? Fungua vitu vyako vyote kama ulivyozoea, washa Euro Truck na mabasi yake, cheza kidogo. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, halafu Memory. Niandikie namba mbili: "In use" na "Committed". Ya kwanza ni RAM inayotumika, haiwezi kuzidi uliyonayo. Ya pili ndiyo inayosema ukweli, maana inahesabu nafasi yote ambayo programu zimeahidiwa, pamoja na ile iliyoandaliwa kwenye diski.

KijanaWaMabibo

Ninayo OptiPlex ya ofisini, RAM 8GB. Nimepima usiku huu.

Euro Truck na Chrome: In use 7.3, Committed 12.8.

Kingine, wikendi nahariri video za send-off na kitchen party, hiyo ndiyo inayonilipia hii kompyuta. Nikafungua Premiere na kazi ya wiki iliyopita, Chrome ikiwa wazi: In use 7.6, Committed 18.9. Kuburuta tu klipu kwenye mstari nasubiri.

FundiMirongo

Basi jibu limebadilika, na Bahara ameshinda japo siyo kwa hoja yake. Gemu zako zinakaa ndani ya 16 bila shida, hiyo 12.8 imejieleza. Committed siyo kwamba yote lazima ikae kwenye RAM, lakini 18.9 wakati Premiere inakukwamisha ni ujumbe tosha. Na kazi ndiyo inayokulipa. Chukua 32, yaani 16 mbili, na sloti mbili ziache wazi.

Pesa itoke kwenye keisi. Chukua keisi ya kawaida inayopitisha hewa, mataa utaweka ukilipwa harusi mbili tatu. Pawasaplai usiiguse hata kwa bahati mbaya. SSD nayo iache 1TB, video zitaimeza.

RAM ya mtumba ya DDR4 haina ubaya. Ukifika nayo nyumbani ipime na MemTest86 kwa flashi, iache izunguke usiku mzima, ikitoa hata kosa moja irudishe. Kwa hiyo kubalianeni kabisa na muuzaji kwamba inarudishika.

KijanaWaMabibo

Shukrani sana mkuu. Kuna jamaa ana 16GB mbili kwa bei nzuri mno, karibu nusu ya dukani. Kanitumia picha, stika imeandikwa 16GB PC4-2666V-RE2. Nimtumie pesa?

FundiMirongo

Subiri kwanza. Tazama herufi inayofuata baada ya ule mstari mdogo mbele ya 2666V. Ni R. Hiyo imetolewa kwenye seva. Itaingia kwenye sloti yako bila kugoma, utabonyeza swichi, feni zitazunguka, na kioo kitabaki cheusi. Ndiyo maana ni nusu bei.

Ya kompyuta kama yako hapo ina U. Ukiona S ni ya laptopu. Mwambie akutumie picha za zenye U, pande zote mbili, na ziwe pea.

KijanaWaMabibo

Kasema zenye U anazo, ila bei siyo ile.

FundiMirongo

Sasa ndiyo mnaongea biashara. Anza chini, usimwambie kwamba una haraka.