Kuhamishia kontena la R kwenye seva ya pamoja

Swali (mwanafunzi wa uzamili, Arusha)
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninachambua takwimu za floraidi katika visima vya miteremko ya Mlima Meru kwa kutumia R, lugha ya programu ya takwimu, na kazi yote nimeifungasha katika kontena la Docker (kifurushi kinachobeba programu pamoja na kila inachohitaji) kwenye kompyuta yangu, ambako inakwenda vizuri. Msimamizi wa seva yetu amekataa kusakinisha Docker, na intaneti yetu haihimili kupakua gigabaiti kadhaa kila mara. Je, naweza kulihamisha kontena kama lilivyo?

Jibu (Moshi)
Msimamizi wenu hajakosea. Huduma ya Docker kwa kawaida huendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mfumo, hivyo anayeruhusiwa kuiamrisha anaweza, akitaka, kufungua mafaili ya watumiaji wenzake wote. Mwombe akuwekee Apptainer, programu nyingine ya kuendesha kontena, iliyoitwa Singularity hadi mwaka 2021. Ndani ya kontena lake unabaki mtumiaji yuleyule uliyekuwa nje. Kwenye kompyuta yako andika `docker save -o visima.tar visima:1.0`, beba faili hilo kwa flashi, kisha kwenye seva andika `apptainer build visima.sif docker-archive:visima.tar`. Intaneti haitahitajika.

Jibu (Arusha)
Ikiwa kompyuta yako ni Mac yenye kichakataji cha M1 au cha baada yake, lijenge upya kwanza kwa `--platform linux/amd64`, maana seva nyingi ni za Intel au AMD; la sivyo utaishia kuona «exec format error» tu.

Muulizaji
Nashukuru sana. Kontena limejengeka na R inafunguka, ila kifurushi cha R cha data za kijiografia, `sf`, kinagoma kwa madai kwamba hakioni GDAL, maktaba ya programu inayokitegemeza, ilhali nina hakika imo ndani.

Jibu (Moshi)
Hapo wengi hukwama. Apptainer huingiza folda yako ya nyumbani ndani ya kontena bila kuombwa, na kama uliwahi kusakinisha `sf` kwenye seva, R huikuta nakala hiyo ya zamani, iliyounganishwa na GDAL ya seva, kabla ya kufikia ile ya kontena. Thibitisha ndani ya R kwa `.libPaths()`, inayoonyesha folda ambamo R hutafuta vifurushi: njia ya kwanza ikianza na `/home`, ndiyo hiyo. Endesha hivi:

`apptainer exec --contain --cleanenv --bind /data/visima:/data visima.sif Rscript /data/chambua.R`

Matokeo yaandikie `/data` (yaani `/data/visima` ya seva), kwa sababu kwa `--contain` folda ya nyumbani inayoonekana ndani ni ya muda, na kilichoandikwa humo hupotea kontena linapofungwa.